Ukurasa wa Daraja la Pili

Kamembe, tarehe 16 Februari 2004

Ndugu Mushagalusa,

Salamu nyingi kutoka Kamembe. Huku tu wazima, ila mvua imekataa kuondoka na barabara ya Bugarama imekuwa uji.

Leo Rusizi ya Pili, daraja letu la kuvukia Kongo, lilifunguliwa saa kumi na mbili, likafungwa saa nne, likafunguliwa tena saa sita, na hakuna aliyeeleza sababu. Nimeyaandika yote kwenye ukurasa wetu kama kila siku. Unakumbuka Oktoba, uliponiandikia barua pepe wewe mtu nisiyekujua, ukiuliza tu kama rafiki yako angeweza kuvuka na gari kwenda Bukavu? Nilikujibu mistari miwili. Ukasema mistari hiyo ingewafaa wengi, ukatengeneza tovuti. Mimi nilidhani tutasomwa na watu watano.

Sasa wafanyabiashara wa Bukavu wanaifungua kabla ya kupakia mzigo. Mchuuzi mmoja wa Nkanka, anayevusha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, husimama hapa dirishani pa sekretaria yangu, hiki chumba cha kupiga chapa, na karai kichwani, ananiambia: "Maman Gasaro, internet inasema nini leo?" Na internet yenyewe ndiyo mimi, nimetoka darajani sasa hivi, viatu vimejaa tope!

Lakini kuna jambo. Jioni ukurasa hauji. Nabonyeza kule saiba, kwenye chumba cha internet, narudi namaliza kupiga chapa barua nzima ya mteja, naenda tena, bado ni mweupe. Papa Niyomugabo mwenye saiba anasema tovuti ikishapata watu wengi ni lazima ipandishwe kwenye mpango mkubwa wa kampuni inayoihifadhi huko Ulaya, la sivyo itakabwa. Mimi mambo hayo siyajui. Je, wakati wetu umefika? Na wewe utaujuaje?

Gasaro Donatille

*

Liège, tarehe 20 Februari 2004

Maman Gasaro mpendwa,

Asante kwa habari na pole kwa viatu.

Usihangaike. Mimi ni mhandisi na hii ndiyo kazi yangu, nakaa mbele ya mashine tangu asubuhi hadi jioni. Papa Niyomugabo anajua kuuza dakika za saiba, seva ni habari nyingine. Nikueleze kwa ufupi: kampuni inatupa kiasi fulani kwa mwezi. Kila mtu anayefungua ukurasa anakula kidogo katika kiasi hicho. Kikiisha, wanafunga mlango mpaka mwezi mpya. Sisi bado tuko mbali na kukimaliza. Ule uzito wa jioni ni kwa sababu Ulaya yote iko kwenye internet saa hizo.

Siku ikifika nitaujua mapema, kwa maana kampuni inaniandikia. Wewe endelea kwenda darajani, mengine niachie mimi.

Ghislain Mushagalusa

*

Kamembe, tarehe 3 Aprili 2004

Ndugu Mushagalusa,

Mimi si mhandisi. Lakini nimefanya kazi ya ukatibu tangu nilipokuwa msichana kule Kadutu, Bukavu, kabla hatujarudi Rwanda, na katibu huandika tarehe. Basi tazama tarehe.

Mwezi wa pili ukurasa ulipotea tarehe ishirini na saba, ukarudi tarehe mosi. Mwezi wa tatu ulipotea tarehe ishirini na tatu, ukarudi tarehe mosi. Kama ni uzito wa Ulaya, mbona Ulaya inachoka mwisho wa mwezi tu? Na mbona inachoka mapema kuliko mwezi uliotangulia? Mimi naona chungu ni kile kile na walaji wanaongezeka. Mwezi huu tutafika ishirini kabla hakijakauka, ujao hatutafika.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu wanawake wa Nkanka walishuka na samaki wabichi wakakuta mpaka umefungwa. Wenzao wa Bukavu, ambao huwapigia simu, hawakuweza kuusoma ukurasa. Samaki walirudi juu kilimani wakinuka. Hakuna aliyenilaumu, lakini mtu asipokulaumu wewe unajua.

Kama ni jambo la kupanda mpango, tupande. Kama kuna kizuizi, niambie. Mimi ni mtu mzima.

Gasaro Donatille

*

Liège, tarehe 9 Aprili 2004

Maman Gasaro,

Kulikuwa na hitilafu ya nyaya. Nimekwisha kuzungumza na watu wa kampuni. Vumilia kidogo.

Nisamehe kwa ufupi, kazi imenielemea.

Ghislain

*

Kamembe, tarehe 30 Mei 2004

Mushagalusa,

Nimekuandikia mara nne tangu tarehe kumi na tisa, siku ukurasa ulipopotea. Hujajibu hata mara moja.

Bila shaka umesikia. Bukavu kunapigwa tangu Jumatano. Kutoka hapa tunasikia milio kama mtu anayepasua mbao ng'ambo ya mto. Watu wanavuka na magodoro, na kuku, na watoto waliofungwa kitambaa kwa kitambaa wasipotee. Wengine wako kwenye madarasa, wengine wamepokelewa majumbani. Familia za Waislamu hapa Kamembe, mafundi na wenye maduka, zimefungua milango yao bila kuuliza mtu ni wa kabila gani.

Watu hawa walisikia kwamba Gasaro ana ukurasa unaosomwa hadi Canada. Wakaja. Kwanza watatu, halafu foleni. Kila mmoja anataka mstari mmoja tu: fulani yuko hai, yuko Kamembe, analala kwa fulani. Nimechukua daftari nikaanza kuandika, mstari mmoja kwa mtu mmoja, na namba. Simwandiki mtu ambaye hakuomba, na asiyetaka jina lake lote namwandikia kipande.

Halafu nikaenda saiba kuipandisha mistari hiyo kwenye ukurasa. Unajua nilichokuta? Maneno matatu ya Kifaransa kwenye ukurasa mweupe: akaunti imesimamishwa. Nilisimama pale na daftari mkononi, na nyuma yangu mzee mmoja wa Uvira aliyenifuata akitaka kuona jina lake kwa macho yake. Nikamwambia, "Mzee, mashine imelala." Akasema, "Basi iamushe, mwanangu, batoto wangu banangoja."

Watu wa hapa wanasema: wewe Gasaro ni mjinga, umempa Mkongomani ufunguo, naye vita vilipoanza akafunga mlango. Niliwakatalia. Leo sijui tena nawakatalia kwa nini.

Nijibu.

Gasaro

*

Kamembe, tarehe 7 Juni 2004

Mushagalusa,

Ukurasa ulirudi tarehe mosi, jua linachomoza. Nikapiga chapa mistari kumi na miwili, nikafurahi kama mtoto. Tarehe mbili, saa sita mchana, ukaanguka tena. Siku moja na nusu!

Jana mpaka ulifungwa. Aliye huku yuko huku na aliye kule yuko kule.

Nimeacha. Sikuandika kitu tena na sina daftari lolote la kukutumia. Wanaokuja nawaambia waende kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Kama ulitaka watu wako wasiokoke kupitia mkono wa Mnyarwanda, au kama ulinichoka tu, ungesema. Mimi nilikulia kwenu. Nilijifunza kusoma kwenu. Neno moja lingenitosha.

Gasaro Donatille

*

Liège, tarehe 10 Juni 2004

Yaya Gasaro,

Niruhusu nikuite yaya, dada mkubwa, kwa kuwa haya ninayokuambia hayaambiwi mtu baki.

Ukurasa uko hewani tangu jana saa tisa. Uko kwenye mpango mkubwa, mara ishirini ya ule wa zamani. Fungua uone, halafu urudi usome hapa.

Mimi si mhandisi. Nilisoma informatiki miaka miwili Bukavu, vita vikakata masomo. Hapa Liège naosha masufuria kwenye mgahawa. Sina karatasi. Nimeomba kubaki na bado sijajibiwa, kwa hiyo sina benki wala kadi, na jina langu siliandiki popote. Tovuti iliandikishwa kwa jina la Anastase, Mnyarwanda wa kwenu huko, asili yake Nkanka. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Ndiye aliyenipokea stesheni nilipofika.

Mwezi wa kwanza tuligombana. Tulikuwa mezani, redio ikasema habari za kwetu, akasema lake, nikasema langu. Nilisema juu ya watu wake maneno ambayo mama yangu angenipiga kofi. Anastase akaweka kijiko chini, akakusanya nguo zake, akahamia Charleroi.

Wiki mbili baadaye kampuni ikaandika onyo la kwanza. Barua zao zinakuja kwangu, lakini kupandisha mpango kunahitaji sahihi ya mwenye jina. Ndiyo maana, yaya. Nyaya hazikuwa na hitilafu. Ulipoandika zile tarehe zako, ishirini na saba, ishirini na tatu, nilikuwa na maonyo matano. Uliona kwa macho ya kawaida kile nilichokuwa nakificha. Wakati ulikuwa umefika tangu Februari, ulipoandika kwamba jioni ukurasa hauji. Nilijua siku hiyo hiyo. Lakini kupanda kulitaka nimwendee Anastase, na kukuambia kulitaka uujue ukweli wangu, basi nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao.

Vita vilipoanza watu walikuja maelfu kwa saa. Kila Mkongomani na Mnyarwanda mwenye ndugu kule alikuwa anagonga mlango mmoja mwembamba. Barua zako nilizisoma zote. Sikuwa na neno la kujibu ambalo si uongo mwingine.

Jana nilipanda treni kwenda Charleroi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani yote, treni ilipopita Namur nikayasahau. Anastase alifungua mlango akanitazama.

"Umekuja kumalizia?" akasema.

Nikamwambia, "Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kuomba sahihi. Ukinipa kimoja tu, nipe sahihi."

Akasogea kando nipite. Kisha akasema, "Kila asubuhi nafungua ule ukurasa. Kabla sijavaa viatu. Dada yangu yuko Nkanka, anavusha samaki. Ulipopotea nilijua ni wewe umeufunga kwa hasira, kwa sababu ni jina langu."

"Ulifikiri hivyo, na hukuniuliza?"

"Na wewe hukuniuliza."

Nikamweleza yote. Akachukua koti hata kabla sijamaliza. Tulitafuta duka lenye faksi mji mzima, akatia sahihi kwa kusimama, akatoa kadi yake mwenyewe. Tulikaa pale pale tukisubiri. Ukurasa ulipofunguka, mwenye duka alidhani tumeshinda bahati nasibu. Tulikuwa tumeshikana mikono kama wendawazimu.

Ule msamaha hajautaja. Lakini alinipa sahani ya chakula, na nililala kwake.

Yaya, sina haki ya kukuomba kitu. Mama yangu yuko Panzi, mtaa wa Bukavu, au alikuwa Panzi. Hana simu, na ya jirani haiiti tangu tarehe ishirini na sita. Sikuandikii ili umtafute, huna njia, mpaka umefungwa. Nakuambia tu ili ujue kwamba sikuwa nimekaa huku nikicheka. Kama kuna hata mtu mmoja bado anasimama dirishani kwako, anza daftari jipya. Mlango sasa ni mpana.

Ghislain

*

Kamembe, tarehe 11 Juni 2004, usiku

Mdogo wangu Ghislain,

Nilikudanganya na mimi. Daftari lipo. Niliandika mistari themanini na minane mpaka tarehe nne, nikalifungia kwenye droo kwa hasira, nikakuambia sina. Watu themanini na wanane waliniamini na mimi nikawafungia kwenye droo. Kwa hiyo usijilaumu peke yako, tugawane.

Leo nilipoisoma barua yako saibani nilirudi mbio, nikalitoa, nikaanza kupiga chapa tangu mstari wa kumi na tatu, tulipoishia. Watu walikuja kuona taa ya mashine inawaka wakaleta viti. Nilipofika mstari wa arobaini na tatu mikono ikasimama. Nakunakilia kama nilivyouandika, kwa maneno yake mwenyewe:

"43. M'Birindwa wa Panzi, iko muzima. Nilivuka kununua muchele, milio ya masasi ikanikuta huku. Nalala kwa Maman Zuhura wa cherehani, karibu na musikiti. Niko na mutoto wangu huko Ulaya, atajua ni miye."

Nilimkumbuka vizuri. Nilimwuliza, "Mama, mtoto anaitwa nani, niandike?" Akanishika mkono: "Hapana, usiandike jina yake. Hana karatasi. Wakiona jina watamufukuza." Siku ile nilifikiri, masikini, ni wengi mno walio hivyo.

Panzi ina watu wengi, na wasio na karatasi ni wengi. Nilijiambia hayo. Lakini sikuweza kuendelea kupiga chapa. Niliwaambia watu, "Nisubirini," nikaenda karibu na msikiti bila hata kufunga mlango.

Maman Zuhura alikuwa anashona, na pembeni yake mama mmoja anakata nyuzi kwa meno. Nikamsalimu. Nikasema, "Mama M'Birindwa, samahani. Huyo mtoto wako, sitaandika, nataka kusikia tu. Ni Ghislain?"

Akaacha kukata. Uzi ukabaki mdomoni.

"Nani amekutajia?"

"Yeye mwenyewe. Ninafanya kazi naye tangu Oktoba."

"Kazi gani? Ghislain anaosha masufuria."

Kumbe yeye alikuwa anajua! Ni mimi tu niliyekuwa na mhandisi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akaanza kulia, na Maman Zuhura, ambaye hakuelewa lolote, akalia naye kwa kumsaidia. Mama yako amekonda kidogo, na ana kikohozi. Ule mchele alioununua ameula pamoja na watoto wa nyumba hiyo, anasema atanunua mwingine. Anauliza kama unavaa soksi.

Kesho saa nne asubuhi ya kwetu atakuwa kwa Papa Niyomugabo, kando ya simu. Namba nakuandikia hapa chini.

Mistari yote themanini na minane iko juu sasa. Nimemaliza kuipandisha saibani saa tano usiku na hakuna aliyekwenda nyumbani.

Yaya yako,
Donatille

*

Liège, tarehe 12 Juni 2004

Yaya,

Nimemsikia. Alinigombeza dakika nane juu ya soksi na dakika moja akanibariki, kisha simu ikakatika.

Anastase alikuwa hapa, alikuja na treni ya kwanza. Nilimpa simu amsalimu. Mama akamwambia, "Wewe ndiye uliyemupokea mutoto wangu stesheni? Mungu akulinde." Anastase alinirudishia simu, akaenda kusimama dirishani.

Baadaye akasema, "Yale maneno ya Januari, basi."

Ghislain

*

Kamembe, tarehe 12 Julai 2004

Mdogo wangu,

Mpaka ulifunguliwa siku chache zilizopita, nami sikukuandikia mara moja kwa sababu nilitaka kwanza kumfikisha mama yako kwa mguu wangu.

Tulivuka Jumamosi asubuhi kwa Rusizi ya Pili. Mimi sikuwa nimekanyaga Bukavu tangu tuliporudi Rwanda, miaka karibu kumi, nikawa nasema ni kazi. Ukweli niliogopa. Nilidhani watu watanitazama usoni na kuhesabu mambo yaliyotokea. Mama yako aliniambia, "Wewe shika gunia upande ule, hakuna muntu anapiga mwenye kubeba muchele." Basi nikavuka nimeinama chini ya gunia, sikuonekana hata uso.

Nyumba yenu imesimama. Mlango umevunjwa, sufuria zimechukuliwa, na ukutani kuna tundu mbili za risasi ambazo mama yako amekwisha kuziba kwa sabuni. Jirani yenu, Honorine, alitoka akipiga kelele kama amemwona mfu. Ule mstari wa arobaini na tatu ulikuwa umemfikia kwa mzunguko: binti yake yuko Montréal, aliuona kule, akampigia shemeji yake aliyekimbilia Walungu, shemeji akatembea siku mbili kuja kumwambia Honorine kwamba rafiki yake yuko hai kilomita saba kutoka pale.

Honorine aliniuliza mimi ni nani. Kabla sijajibu mama yako akasema, "Huyu ni mutoto wangu wa ng'ambo." Sufuria ikaazimwa, mchele ukapikwa na maharage. Tulikula watu kumi na mmoja uani, na hakuna aliyeniuliza lingine.

Sasa kazi. Uliniomba jina langu liwekwe pamoja na la Anastase ili barua za kampuni zije kwangu pia. Leo imekuja ya kwanza. Nimemwomba Papa Niyomugabo anisomee mara mbili nisikosee. Wanasema tumekula nusu ya kiasi cha mwezi, na leo ni tarehe kumi na mbili. Wametoka wale wa kutafuta ndugu, lakini wamekuja wengine: watu wa mpunga wa Bugarama wanataka tuandike na mpaka wa Ruhwa kila siku, nimekubali, na shule mbili zinauliza kama tunaweza kuweka majina ya wanafunzi waliotawanyika.

Siku kumi na mbili, nusu. Mimi nimepiga hesabu yangu ya katibu: chungu kitakauka tarehe ishirini na nne, na Agosti mapema zaidi. Kwa hiyo nakuandikia leo, saa hii hii, kabla ya chai. Mwambie Anastase. Nadhani tupande wiki ijayo, kungali mchana.

Mama yako anasema karatasi zako zitatoka. Hajui lolote, anasema tu. Lakini alisema hivyo hivyo kuhusu mpaka.

Yaya yako,
Gasaro Donatille